Daktari bingwa wa magonjwa ya akili na chama cha taaluma yake: hiari, wajibu au sharti?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, swali hili huzuka kila mara madaktari bingwa wa magonjwa ya akili wa Dar es Salaam tunapokutana, iwe semina au msiba wa mwenzetu, na naona limekomaa vya kutosha kuletwa mbele ya watu wote, kwa kuwa linamgusa mgonjwa kuliko linavyotugusa sisi. Uanachama katika chama cha taaluma yetu una thamani gani, na je, ufanywe sharti kwa kila anayetibu magonjwa ya akili? Wapo wanaosema chama ni ada ya kila mwaka na cheti cha kutundika ukutani. Wapo wanaotaka sheria imlazimishe kila mmoja wetu ajiunge, kama mawakili wa Tanzania Bara wanavyolazimika kuwa wanachama wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954. Mimi naamini kwamba kujiunga ni wajibu wa kimaadili wa daktari wa fani hii kuliko wa fani nyingine yoyote ya tiba, na papo hapo naamini kwamba kuulazimisha wajibu huo kwa sheria kutauharibu.

Nitenganishe kwanza mambo ambayo mara nyingi huchanganywa. Chuo kikuu, kwa wengi wetu Muhimbili, ndicho kinachompa daktari ubingwa. Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalomsajili, na kwa nguvu ya sheria ya mwaka 2017 linaweza kumwadhibu au kumfutia usajili. Chama hakitoi ubingwa wala leseni. Ukimwondoa daktari kwenye chama leo, kesho asubuhi ataendelea kuandika dawa kama kawaida. Kwa hiyo anayeuliza “nitapata nini?” anauliza swali la haki, na majibu tuliyozoea kumpa ni dhaifu: punguzo la kiingilio cha kongamano, jarida, matangazo ya semina. Kwa majibu hayo hata mimi nisingelipa ada.

Jibu langu lilitoka kwenye kisa kimoja, ambacho nimekibadilisha kidogo ili mhusika asitambulike. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nimeacha hospitali kubwa na kufungua kliniki ndogo upande wa Kinondoni, watoto watatu walimleta baba yao. Walitaka hati ya daktari inayosema kwamba mzee hana tena uwezo wa kuamua kuhusu nyumba yake ya Kariakoo, kwa sababu alikuwa amekataa kuiuza. Nilimpima kwa saa nzima. Tarehe hakuijua, mwezi aliukosea, na katika maneno matatu niliyompa ayakumbuke alilirudisha moja. Dalili za mwanzo za ugonjwa wa kusahau wa uzeeni zilikuwa wazi na kalamu ilikuwa mkononi. Kilichonizuia ni kwamba siku mbili baadaye tulikuwa na kikao cha chama, nikawaomba warudi wiki iliyofuata.

Kikaoni niliwaeleza wenzangu kisa hicho bila kutaja jina la mtu. Mwenzetu mmoja wa makamo, ambaye hakuwahi kunifundisha wala kunisimamia kazi, aliniuliza swali moja tu: “Ulimwuliza kuhusu nyumba, au ulimwuliza tarehe?” Nilinyamaza, kwa sababu kuhusu nyumba sikuwa nimemwuliza chochote. Nilikuwa nimepima kumbukumbu, kisha nikataka kuandika hukumu juu ya uwezo wa kuamua, kana kwamba ni kitu kimoja. Wakanikumbusha jambo nililolisoma na kulifaulia mtihani: uwezo wa kuamua hupimwa kwa uamuzi ule ule unaohusika. Je, mtu anaelewa anachoulizwa? Anakishika akilini kwa muda wa kutosha kuamua? Anaweza kupima faida na hasara zake? Anaweza kueleza alichoamua?

Mzee aliporudi tuliongea kuhusu nyumba. Alinieleza aliijenga mwaka gani, wapangaji wanalipa lini, kodi hiyo inamsomesha mjukuu yupi, na kwa nini anaogopa kuiuza. “Nikishaiuza,” aliniuliza, “nitahamia kwa nani kati ya hawa?” Niliandika kwamba ana ugonjwa wa kusahau ulio katika hatua za mwanzo, kwamba anahitaji kufuatiliwa, na kwamba kuhusu nyumba yake anajua anachokisema. Watoto wake waliondoka wamekasirika na hawakurudi tena. Sijui walikwenda wapi.

Hiyo ndiyo thamani ninayoizungumzia: kuwa na watu wa kukuuliza swali ambalo hukujiuliza. Daktari wa moyo akikosea, kipimo cha umeme wa moyo kinaweza kumsuta. Kwetu sisi kipimo kikuu ni mazungumzo, na anayeyatafsiri ni daktari mwenyewe, pamoja na usingizi wake wa jana, dini yake, malezi yake na haraka yake. Hakuna damu unayopeleka maabara ikarudi na jibu la skizofrenia. Pamoja na udhaifu huo tumepewa mamlaka ambayo madaktari wengi hawana: Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mtu alazwe bila ridhaa yake kwa utaratibu maalumu, na maandishi yetu yanaweza kumwelekeza mshtakiwa gerezani au wodini. Mtu mwenye mamlaka makubwa namna hiyo na vipimo vichache namna hiyo asifanye kazi peke yake.

Na upweke ndio hali halisi ya fani hii nchini. Sensa ya mwaka 2022 ilitupa watu zaidi ya milioni 61, ilhali sisi ni wachache kiasi kwamba wengi wetu tunajuana kwa sauti kwenye simu. Hapa Dar es Salaam bado unaweza kumpata mwenzako ukivuka Daraja la Tanzanite; aliye katika mkoa wa mbali hana wa kumwonyesha jalada. Kwa kweli vyama vya kwanza vya fani hii vilizaliwa na upweke wa aina hiyo. Mwaka 1841 Uingereza, na mwaka 1844 huko Philadelphia ambako walikutana wakuu 13 tu wa hospitali, walioanzisha vyama hivyo walikuwa madaktari wa hospitali za wagonjwa wa akili, nyingi zikiwa mbali na miji na mbali na madaktari wengine. Ndivyo ilivyoanza safari ya kile ambacho leo ni Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Uingereza na ya Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani. Walitaka kujua mwenzao anafanyaje.

Lipo jambo la pili, na hili daktari mmoja hawezi kulifanya hata akiwa hodari vipi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa la jinai. Sote tuliowahi kuitwa wodi ya dharura tumemwona mgonjwa wa sonona anayeficha alichokunywa kwa kuogopa polisi, na dakika anazoficha ndizo dakika za kumwokoa. Nchi jirani ya Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, cha 226. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, na miongoni mwa walioifungua kesi hiyo, pamoja na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya huko, kilikuwa chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Kenya. Daktari mmoja mwajiriwa wa serikali angeifungua kesi hiyo? Angekuwa na ujasiri, pengine, lakini angekuwa pia na mwajiri, na kituo cha kazi kinachoweza kubadilishwa kwa barua ya mstari mmoja.

Kwa nini basi nisikubali sharti? Kwa sababu mwanachama wa lazima hana njia ya kukiambia chama chake kwamba kimepotoka. Wa hiari anayo: anaacha kulipa, anaondoka, na viongozi wanaona daftari likipungua. Chama chenye uhakika wa ada za watu wasio na pa kwenda huanza kuishi kwa ajili ya viongozi wake. Na hata cha hiari hakijasalimika na tamaa. Mwaka 2008 Seneta Charles Grassley wa Marekani alikitaka chama cha huko kieleze fedha kinazopokea kutoka kampuni za dawa, na ilibainika kuwa zilikuwa sehemu kubwa ya mapato yake. Sisi hatuna mapato kama hayo, lakini chakula cha mchana cha semina zetu hulipiwa na nani? Nimekula chakula hicho. Nilimsikiliza wakala akisifia dawa mpya ambayo mgonjwa wangu wa Mbagala asingeweza kuinunua hata kwa mshahara wote wa mwezi, na sikuuliza swali. Chama kinachostahili ada yangu kitangaze kila shilingi ya kampuni inayoingia, au kikatae kabisa, nami niko tayari kulipa zaidi ili kikatae.

Naomba michango yenu.

Mchangiaji wa kwanza, daktari aliyeko masomoni kwa ajili ya ubingwa

Shikamoo Daktari. Nimekusoma kwa makini, na kwa heshima zote naona kisa chako kinaibomoa hoja yako mwenyewe. Unasema hujui watoto wa mzee walikwenda wapi. Sote tunaweza kukisia: walikwenda kwa daktari mwingine, ambaye ama si mwanachama, ama ni mwanachama asiyehudhuria vikao, naye akaiandika hati. Hiari unayoitetea huwakusanya wale ambao tayari wana dhamiri ya kuuliza. Anayestahili kuulizwa maswali ndiye anayebaki nje. Ikiwa kikao cha wenzako kilimlinda mzee yule, kwa nini ulinzi huo utegemee bahati ya kliniki ambayo wanawe waliichagua?

Tena usiseme chama kwa chenyewe ni kinga. Ujerumani ilikuwa na madaktari wa akili mashuhuri na chama chao, na bado kati ya mwaka 1940 na 1941 wagonjwa wapatao 70,000 waliuawa katika mpango ambao madaktari hao walishiriki kuchagua majina. Chama chao kiliomba radhi mwaka 2010, wakati wengi wa ndugu wa marehemu hawapo duniani. Katika Umoja wa Kisovieti, waliopinga serikali walipewa utambuzi wa “skizofrenia ya mwendo wa polepole” na kufungiwa hospitalini, na waliowapa utambuzi huo walikuwa wanachama hai. Mimi naona tunahitaji sharti la sheria, lenye adhabu, na si urafiki wa kikaoni.

Kuhusu ada sitasema mengi. Mshahara wa daktari anayesoma mnaujua.

Mchangiaji wa pili, muuguzi wa afya ya akili, Temeke

Madaktari wangu, mnabishana kuhusu nani aingie chumbani na hamjaona nani amesimama mlangoni. Nimefanya kazi hii miaka 19. Mgonjwa anayefika usiku amefungwa kamba mikononi hapokewi na daktari bingwa. Hupokewa na mimi, na ofisa ustawi wa jamii kama yupo, na mlinzi. Uamuzi wa kumfungua kamba au kumwacha nao ni wa kwangu kwa saa kadhaa. Daktari amezungumza vizuri kuhusu hatari ya kuamua peke yako, nami nimeguswa, lakini chama chake kikiwa cha madaktari bingwa peke yao, sisi ambao huamua peke yetu zaidi kuliko wao tutabaki na nani wa kutuuliza swali?

Dar es Salaam imewahi kufanya vizuri katika hili. Kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, ilipofunguliwa Muhimbili mwezi Februari 2011, na baadaye Mwananyamala na hapa kwetu Temeke, kazi ile isingesimama kwa madaktari pekee. Aliyekuwa anamfuata kijana kijiweni na kumshawishi aje kliniki mara nyingi alikuwa mtoa huduma wa jamii, wakati mwingine kijana aliyewahi kutumia heroini mwenyewe. Tulikaa meza moja kuzungumzia wagonjwa. Nataka meza ile iwe chama.

Mchangiaji wa tatu, mzazi

Mimi si mtaalamu. Nina mtoto wa kiume ambaye ameugua tangu alipokuwa kidato cha tano, na sasa ana umri wa miaka 31. Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki nyingi za mji huu. Nina maswali mawili kwa Daktari aliyeanzisha mjadala. La kwanza: mimi nitajuaje kwamba daktari aliye mbele yangu ni mwanachama, na uanachama huo unanipa mimi haki gani? La pili: kuna mwaka ambao dawa ya mwanangu ilikosekana kwa wiki kadhaa, akarudi hatua zote alizokuwa amepiga, na hadi leo hatujafika pale tulipokuwa. Katika wiki zile sikumsikia mtu yeyote mwenye taaluma akisema hadharani kwamba hili ni kosa. Chama kilikuwa wapi?

Mleta mada

Nawashukuru. Nianze na mdogo wangu wa masomoni, kwa kuwa hoja yake ni nzito na sehemu yake moja imenishinda. Ni kweli kwamba hiari inamwacha nje yule anayehitaji zaidi kuulizwa. Naikubali, na naongeza jambo ambalo sikulisema: kuhakiki kazi kwa wenzetu, yaani kuketi na majalada na kuulizwa, kunaweza kufanywa sehemu ya mafunzo endelevu ambayo Baraza linayadai, bila kumlazimisha mtu awe mwanachama wa chama chochote. Sharti liwe kwenye tendo la kuhakikiwa, na kadi ibaki hiari.

Mfano wake wa Umoja wa Kisovieti, hata hivyo, nauona upande mwingine. Chama cha huko kilikuwa mkono wa dola, na hicho ndicho kisa chote. Kilichowabana ni vyama vya nchi nyingine ambavyo havikuwa na mtu wa kuviamuru vinyamaze. Mwaka 1977 huko Honolulu, Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili Duniani kililaani matumizi hayo ya utabibu kwa siasa, na katika mkutano huo huo kilipitisha tamko la maadili linaloitwa Tamko la Hawaii. Mwaka 1983 Wasovieti walijitoa wenyewe baada ya kuona wanaelekea kufukuzwa, na waliporudi mwaka 1989 huko Athens, walirudi kwa masharti na baada ya kukiri makosa. Miaka ile yote watu walikuwa wamefungiwa, na sisemi kwamba hilo ni ushindi mkubwa. Ninasema kwamba chama kilichoundwa na sheria ya nchi, kinachokusanya ada kwa nguvu ya sheria hiyo, hukosa sauti siku ambayo sheria yenyewe au mtekelezaji wake amekosea. Kuhusu Ujerumani sina cha kujitetea nacho. Mpango ule ulikuwa wa dola, lakini mikono iliyojaza fomu ilikuwa ya wenzetu.

Sista wa Temeke, nimesoma mchango wako mara tatu. Niliandika kuhusu upweke wa daktari na nikasahau kuwa anayekaa na mgonjwa usiku ni wewe. Bado nadhani madaktari wanahitaji mahali pao pa kuulizana kuhusu dawa na utambuzi wa magonjwa, kwa sababu makosa hayo ni yetu na tusiyatawanye kwa wengine. Lakini kikao cha kujadili wagonjwa hakina sababu ya kuwa cha madaktari pekee, na swali lile la nyumba na tarehe lingeweza kuulizwa na muuguzi yeyote mwenye macho. Mwenye uzoefu wako wa miaka 19 angeliuliza kabla sijamaliza kusimulia.

Mama, maswali yako ndiyo magumu kuliko yote, nami nitajibu bila kujificha. Kwa sasa uanachama wangu haukupi wewe haki yoyote. Ukiwa na lalamiko dhidi ya daktari, mlango wa kisheria ni Baraza, na unaweza kuandika mwenyewe. Orodha ya wanachama inapaswa kuwa wazi kwa umma, na sioni sababu moja ya kuificha. Kuhusu wiki zile za dawa: tulijua. Tuliambizana kwenye simu, kila mmoja akamwandikia mgonjwa wake dawa mbadala iliyopatikana, na wengine tuliwachangia nauli wagonjwa wachache wakatafute dawa mikoani. Kila mmoja alifanya la kwake, na kwa jina la chama hakuna aliyeandika hata ukurasa mmoja kwenda Bohari ya Dawa au kwenye magazeti. Nilikuwa mwanachama mwaka huo na ada nilikuwa nimelipa.

Uingereza, wagonjwa na ndugu wanaowauguza huketi katika kamati za chuo cha madaktari wa akili. Nitaandika hoja ya kutaka chama chetu kitenge viti vya aina hiyo, na kiwe na wajibu wa kutoa tamko la maandishi kila dawa ya msingi ya akili inapokosekana katika vituo vya umma. Naomba ruhusa yako, mama, ili mchango wako nisome jinsi ulivyo kwenye mkutano mkuu, pamoja na hilo swali la mwisho.